Minyaa Juu ya Waya

Utomvu wa minyaa hautoki mikononi kwa maji matupu. Unasugua kwa majivu, unasugua kwa sabuni ya mche, na bado ukipeleka kidole puani unakutana na ile harufu mbichi, chungu, inayokwaruza koo. Wiki iliyopita nilipunguza matawi ya ule mstari wa minyaa unaotoka kwenye kona ya nyumba ya marehemu mama hadi kwenye kona ya ghala letu, pale Somanda. Wapimaji wa viwanja walikuwa wanakuja, na nilitaka kila mwenye macho auone. Nilipomaliza nikanusa vidole vyangu, nikajikuta nina miaka tisa, na hasira ikanipanda upya kana kwamba haikuwahi kushuka.

Wenzangu mliokua miaka ile mnakumbuka ilivyokuwa. Tuliambiwa na wakubwa kwamba zamani pamba ilikuwa na mnunuzi mmoja tu, na wakati wetu kila mwenye mzani alikuwa mnunuzi. Msimu ukifika, malori ya watu binafsi yalipita Bariadi yakitimua vumbi, manyoya ya pamba yakinasa kwenye kila mti wa barabarani, na sisi watoto tuliyakusanya tukifanya mito ya wanasesere. Kwetu soko huria lilikuwa sherehe. Kwa mama lilikuja kama barua. Ofisi ya mambo ya pamba alikokuwa akipiga chapa ilifungwa, wafanyakazi wakaambiwa asanteni, na vitu vya ofisi vikauzwa. Mama alirudi nyumbani juu ya mkokoteni wa punda, amekumbatia kompyuta tatu za chogo zilizofungwa kwa mablanketi. Watu walimcheka njia nzima. Yeye aliwaamkia mmoja mmoja, "Mwadila, mwadila," kama bibi harusi.

Baba alikuwa ameshafariki. Alituachia nyumba ya vyumba viwili iliyo karibu na barabara, na huko nyuma ya kaya akatuachia ghala. Matofali ya ghala hilo aliyafyatua na kuyachoma mwenyewe, ili pamba yake isubiri bei nzuri, na akafa kabla halijajaa hata misimu miwili. Upande wa pili wa kaya alikaa kaka yake, baba mkubwa Masanja, na mkewe, watoto wao na ng'ombe. Kwetu kaya nzima tunaiita mji: nyumba zote, zizi, na ua wa minyaa unaouzunguka. Mji ulikuwa wa babu, na baada ya babu msemaji wake akawa baba mkubwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kwamba akisema, jambo limekwisha.

Mama aliingiza mashine mbili ghalani, akapanga madawati ya kuazima, akaanza kufundisha wasichana waliomaliza kidato cha nne na kubaki majumbani. Mashine ya tatu, kongwe kuliko zote, tuliyoiita Bibi, aliiweka chumba cha mbele pamoja na printa, kwa sababu laini ya simu iliishia hapo. Bibi alikuwa haamki mpaka apigwe kofi ubavuni. Wasichana wakishachapa, kazi zao zilibebwa kwa diski hadi chumba cha mbele ili zitolewe kwenye karatasi, na diski zile zilikufa hovyo kwa vumbi. Mama akaamua kuziunganisha mashine zote tatu, zitumie printa moja na laini moja. Kilichohitajika ni ruta.

Hapo ndipo wakubwa walipoanza kugombana, na mimi nisielewe wanagombania nini. Kuna mnunuzi mmoja wa pamba alikuwa amemwomba baba mkubwa ghala kwa ajili ya msimu. Baba mkubwa alitaka kumpa. Mama alijua kwamba pamba ikishaingia ghalani kwa ruhusa ya mtu mwingine, wasichana wake hawatarudi tena humo, na ghala la mumewe litakuwa limeondoka hivihivi, bila hata mtu kusema limeondoka. Nyumba yetu ya vyumba viwili isingebeba darasa. Kwa hiyo ghala likipotea, shule imekufa, na mama anarudi kuwa mjane wa kuombaomba kwa shemeji.

Fundi alitoka Mwanza asubuhi akiwa na ruta mbili kwenye mfuko wa nailoni. Moja ilikuwa nyeupe, inang'aa, ina antena mbili zilizosimama. Nyingine ilikuwa kisanduku cha bati cheusi, kizito, chenye matundu manne ya waya na safu ya taa ndogo. Baba mkubwa alikuja kushuhudia, akavuta kigoda, akazichukua zote mbili mkononi akizigeuza kama yuko mnadani anakagua fahali. Kidogo tu azifunue midomo ahesabu meno.

"Hii yenye pembe ndiyo dume," akasema. "Hiyo nyingine ni ya wanawake."

Fundi alicheka sana. "Mzee umepatia. Hii ni ya kisasa, haina haja ya waya. Kompyuta inakaa popote."

"Umesikia, shemeji?" Baba mkubwa alimgeukia mama. "Popote. Basi zikae huko kwako chumbani, ghala lifanye kazi ya ghala."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na moyo wangu wote ulikuwa kwenye ile yenye pembe. Nilishaiona kichwani iko juu ya kabati letu, watoto wa jirani wamejaa dirishani. Mama alimpiga Bibi kofi, akasubiri aamke, kisha akamwambia fundi, "Niwashie hiyo ya kisasa hapa, nione."

Fundi akaeleza kwamba mashine za zamani hazina kifaa cha kunasa mawimbi, lakini kipo cha kuchomeka, anacho. Akakichomeka. Bibi akadai programu yake. Fundi akatoa sidii, Bibi akaisaga kwa muda mrefu akiguna, kisha kioo kizima kikawa bluu chenye maandishi meupe. Fundi akajaribu tena. Bluu. Akafuta jasho.

"Mashine hizi umri umekwenda, mama. Ungebadilisha mashine."

"Nimekuita uniuzie ruta, hujaja kunizikia mashine," mama akasema. "Washa hiyo nyeusi."

Fundi akachomeka waya kwenye tundu la nyuma ya Bibi, mwisho wa pili kwenye kisanduku cheusi, na taa moja ikawaka kijani palepale. Mama akauliza maswali yake taratibu, kama anayechambua mchele. Kadi ya mtandao ya Bibi ni ya mwendo wa polepole, je, ruta itamsubiri? Itamsubiri, inajipima yenyewe. Ukurasa wa kuipanga unafunguka kwenye mashine ya kizamani? Ukafunguka, tukauona. Umeme ukikatika na kurudi, inakumbuka ilichopangiwa? Fundi akachomoa, akachomeka, ikakumbuka. Akaona biashara ya ile nyeupe inamponyoka, akasema nayo ina matundu ya waya, hata yenye antena anaweza kuitumia kwa waya.

"Sasa antena nichukue za kuanikia nini?" mama akauliza. "Nipe hiyo ya wanawake."

Nililia. Niseme ukweli, nililia kwa hasira nyuma ya choo, kwa sababu nilidhani mama amechukua nyeusi kwa ile tabia yetu ya kuchukua kilichobaki. Viatu vyetu vilikuwa vilivyobaki, kompyuta zetu zilikuwa zilizobaki, na sasa hata ruta. Sikujua kwamba siku ile, kati ya watu wote waliokuwa chumbani, ni mama peke yake aliyejua anachokitaka.

Waya wenyewe ulitufundisha adabu kwanza. Mama alinunua bunda la waya wa kijivu na koleo la kubania vichwa vyake, akanikalisha tuvipange vinyuzi vinane vilivyo ndani. Nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, bluu, nyeupe ya bluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Mpaka leo naweza kuvitaja usingizini. Tuliupitisha hewani, kutoka dirisha la mbele hadi ghalani, ukiegemea nguzo mbili. Siku ya tatu mama mkubwa, mke wa baba mkubwa, akaanika mashuka juu yake. Mashuka mabichi, manne. Nguzo moja ikainama, waya ukakatika, na mama mkubwa akaja kulalamika kwamba kamba yetu imemchafulia mashuka.

"Basi utapita chini," mama akasema.

Mama alikuwa kwenye kikundi cha wanawake kumi na wawili waliolimiana kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Zamu yake ilipofika hakuwapeleka shambani. Aliwaleta nyumbani na majembe yao, akawaonyesha mstari: kutoka kona ya nyumba hadi kona ya ghala, hatua arobaini na kitu. Mama Minza, kiongozi wao, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto, akauliza tunapanda nini. Mama akasema tunapanda waya. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Kisha wakaimba, wakachimba, majembe yakipanda na kushuka kwa pamoja, udongo mweusi ukitoa ile harufu ya mvua za kwanza. Mama mkubwa mwenyewe alikuwamo, maana naye alikuwa wa kikundi, na zamu ni zamu. Alichimba amenuna, lakini alichimba. Waya ukaingizwa ndani ya mpira wa maji ili mchwa na panya wasiufikie, ukalazwa, ukafukiwa.

Mchana huohuo msichana mmoja akaandika jina lake kule ghalani, akabonyeza. Nilikimbia ile njia ya udongo mpya kwa miguu mitupu, nikafika chumba cha mbele nikiwa sina pumzi, na karatasi ilikuwa inatoka. Jina lake, jeusi, bado la moto. Nikarudi mbio na karatasi, nikaenda tena, nikarudi tena, mpaka mama akanikataza.

Kisha akaniambia lile neno lililozua yote. "Weka alama hapa tulipofukia, ng'wanone, mwanangu, mtu asije akachimba." Akaondoka kwenda kununua wino.

Mimi nilijua alama moja tu ya mstari. Kila mstari niliowahi kuuona uliotakiwa kubaki ulikuwa wa minyaa. Tena nilikuwa na wasiwasi wangu binafsi: niliamini maneno yanapita mle ardhini, na ng'ombe wa baba mkubwa wakiyanusa watayalamba kama magadi. Nikachukua panga, nikakata matawi kwenye ua wa nje, nikayachomeka kwenye udongo laini, moja kila hatua, kutoka nyumbani hadi ghalani. Utomvu ulinirukia jichoni nikapiga kelele, nikanawa, nikaendelea. Kazi ilipendeza. Nilisimama mwisho wa mstari huku jicho moja limevimba, najisifu.

Kwenu huko sijui, lakini kwetu huchomeki minyaa katikati ya mji wa watu. Minyaa ni mpaka. Anayepanda minyaa amesema hapa ni pangu na pale ni pako, na hasemi kwa utani. Mstari wangu ulikuwa umeiweka nyumba ya mama, jiko, tuta la viazi na ghala upande mmoja, na upande wa pili nyumba za baba mkubwa na zizi lake. Hata mpima viwanja asingeunyoosha vile.

Asubuhi yake baba mkubwa alipotoa ng'ombe, akauona. Sikuwa nimewahi kumsikia akipiga kelele kabla ya siku ile. Kufikia saa nne vigoda vilikuwa vimepangwa uwanjani na ndugu wa ukoo wamekaa, na mama ameitwa. Mimi nilijibanza nyuma ya gauni lake nimeficha mikono, maana utomvu ulikuwa umekauka vidoleni, mweusi, haubanduki.

"Nani kapanda minyaa ndani ya mji wa baba yetu?" baba mkubwa akauliza. "Mwanamke ameolewa hapa, mume hayupo, anagawa mji. Kwanza kakatalia ghala, sasa kaweka mpaka. Minyaa hii ing'olewe sasa hivi, na ghala lifunguliwe."

Mama hakuwa amejua. Nilihisi mgongo wake ukikakamaa. Aliutazama ule mstari mwanzo hadi mwisho, kisha akageuka, akaangalia jicho langu lililovimba, akashuka hadi mikononi. Alielewa yote. Ilikuwa rahisi kabisa kusema ni mtoto, amecheza, samahanini. Ndugu wangecheka, ningechapwa fimbo mbili, minyaa ingeng'olewa, na pengine na ghala nalo lingefuata. Niliomba aseme. Fimbo ningezivumilia, yale macho ya watu sikuyaweza.

"Nimepanda mimi," mama akasema.

Akamgeukia baba mkubwa.

"Sikupanda mpaka, shemeji. Niliweka alama ya waya wangu. Lakini kama ninyi nyote mmetazama mkaona ni mpaka, basi ni mpaka. Haing'oki."

"Unasema nini?"

"Nasema ghala lile alilijenga mume wangu kwa mikono yake, na hapa wote mnajua, wengine mlimsaidia kubeba maji. Mashine zangu ni za zamani, haziwezi kukaa popote. Zinakaa mwisho wa waya. Na waya unaishia ghalani."

Mzee mmoja akaguna, akasema kwa upole kwamba mtu mmoja hawezi kuugawa mji peke yake.

"Hakuwa peke yake." Sauti ilitoka nyuma. Ilikuwa mama mkubwa, ameshika ndoo, bado amenuna vilevile kama siku ya mtaro. "Tulichimba sisi, wanawake kumi na wawili. Na mimi nilichimba. Mkono wangu huu hapa una malengelenge. Mnataka kung'oa, mje mtuulize na sisi."

Baba mkubwa alimtazama mkewe kana kwamba fahali wake amemjibu. Angesema nini? Kwamba mkewe naye amegawa mji, usiku na mchana akiwa ndani ya nyumba yake? Mtu mmoja akaanza kucheka, mwingine akafuata, na kicheko kikafanya ambacho hoja za mama peke yake zisingefanya. Watu wakainuka kwenda mashambani. Minyaa ikabaki. Mnunuzi wa pamba akatafuta ghala kwingine.

Jioni mama alinisugua mikono kwa majivu mpaka ikauma. Hakunichapa. Aliniambia tu, "Siku nyingine ukiambiwa uweke alama, uliza ya nini." Baadaye kidogo, akiwa anageuza ugali, nikamsikia anacheka peke yake.

Wasichana waliopita ghala lile siwezi kuwataja wote. Wapo wanaofanya kazi Nyashimo, wapo kwenye ofisi mpya za Lagangabilili, mmoja ana duka lake la uchapaji hapohapo Bariadi na ndiye aliyetengeneza kadi za msiba wa mama. Ruta nyeusi ilifanya kazi mpaka Bibi alipokufa, na wenzake wawili walipokufa, na zilipokuja mashine zisizohitaji waya wala kofi. Minyaa ilikua, ikawa ukuta. Baba mkubwa akafa, na mimi nilimlilia kweli, kwa sababu baada ya siku ile hakutugusa tena.

Sasa ni zamu ya mwanawe, Shija. Alizaliwa baada ya mambo haya, kayasikia kwa juujuu. Wapimaji walipofika aliwatangulia akionyesha kwa fimbo. Akasema ghala ni la mji mzima. Mpimaji, kijana mwenye ramani chini ya kwapa, akauliza, "Na huu mpaka?"

"Huo si mpaka," Shija akasema huku akicheka. "Hiyo ilikuwa alama ya waya tu, wa kompyuta. Muulize huyu dada, si anajua? Tena waya wenyewe haupo siku nyingi."

Mpimaji akanigeukia. Ningeweza kudanganya. Mashahidi wengi wamelala makaburini, na ukuta wa minyaa mrefu kuliko mtu ungenisemea.

"Anasema kweli," nikasema. "Ni alama ya waya. Na aliyeipanda ni mimi, nikiwa na miaka tisa. Mama alisema ni yeye, akasimama mbele ya ukoo wenu wote akibeba kosa langu, na wakamwachia. Lakini waya una ncha mbili, Shija. Ukisema palikuwa na waya, sema na ulikotoka na ulikokwenda. Ulitoka nyumba ya mama, ukaenda kazini kwa mama. Chukua jembe."

"La nini?"

"Umesema haupo. Chimba."

Alisita, lakini mpimaji alikuwa anamtazama, akaona haya. Akapiga jembe karibu na mashina. La kwanza likatoa udongo. La pili pia. La tatu likagota kwenye kitu laini, na pakatokea kipande cha mpira wa maji uliochujuka, umepasuka ubavuni, na ndani yake waya wa kijivu umetulia, umenyooka kuelekea ghalani. Jembe lilikuwa limekata tawi moja la minyaa, na utomvu mweupe ukawa unamdondokea mkononi. Mpimaji akachuchumaa, akaufuata waya kwa macho kutoka kona hadi kona, akafungua karatasi yake na kuanza kuchora mstari.

Nilimwachia Shija nafasi ya kutazama vizuri.

"Sasa fukia," nikamwambia, "na unawe mikono kabla hujajigusa macho."